Kampuni imeuzwa: je, namba za katalogi yangu bado zinafaa?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Marehemu mjomba aliniachia kisanduku cha sarafu na vitabu vinne: Red Book mbili za miaka tofauti, katalogi nene ya sarafu za dunia ya Krause, na kitabu cha zamani cha Seaby cha sarafu za Kiingereza. Red Book hizo mbili zina jina moja na rangi moja, lakini wachapishaji ni tofauti. Muuzaji mmoja wa sarafu ameniambia vyote vinne havina kazi tena kwa kuwa kampuni zake zimeuzwa na nyingine zimekufa, akataka kuvichukua kwa bei ya karatasi chakavu. Je, ni kweli? Namba zilizomo bado zinatumika? Na nikitaka kununua kitabu kipya, nimwamini nani siku hizi?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na usimpe huyo muuzaji hata kitabu kimoja. Ama hajui anachokisema, ama anakijua vizuri kuliko anavyojionyesha.

Alichokuambia ni nusu ya ukweli. Wachapishaji wa vitabu hivyo vinne wamepita mikononi mwa wamiliki wengi, wengine wakafilisika njiani. Kosa lake ni kudhani kitabu hufa pamoja na mwenye kampuni. Ndani ya jalada moja la katalogi ya sarafu mna vitu vinavyozeeka kwa kasi tofauti. Bei huanza kuzeeka kabla wino haujakauka. Maelezo ya sarafu yenyewe, yaani uzito, madini, idadi iliyotengenezwa na alama ya kiwanda, huishi miongo kadhaa, yakisahihishwa hapa na pale. Namba, yaani kitambulisho ambacho katalogi huipa kila aina ya sarafu, ndiyo isiyo na haraka kabisa. Namba inaweza kumzika mtunzi wake, ikamzika mchapishaji, kisha ikaizika na kampuni iliyomnunua mchapishaji.

Tuanze na hizo Red Book mbili, maana historia yake ndiyo ndefu zaidi na ndiyo inayochekesha zaidi.

Jina lake kamili ni A Guide Book of United States Coins. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1946 likiwa na mwaka 1947 kwenye jalada, kwa dola 1.50. Lilichapishwa na Whitman ya Racine, Wisconsin, huko Marekani. Whitman haikuwa kampuni ya kujitegemea bali tawi la kampuni ya uchapaji ya Western, na hata jina lenyewe lilifika Racine kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1916 kampuni ya Hamming-Whitman ya Chicago ilishindwa kulipa deni la uchapaji, Western ikabaki na shehena ya vitabu vya watoto isiyo na mwenyewe. Ikaamua kuviuza ili kurudisha fedha zake, ikagundua vinauzika, na hapo ndipo ilipoingia kwenye biashara ya kuchapisha vitabu vyake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Whitman ya leo si Whitman ya kweli kwa sababu imenunuliwa, mjulishe kuwa Whitman ya Racine ilianza kama mali ya mdeni.

Sarafu ziliingia humo miaka ya 1930, na mwanzoni hazikuingia kama kitabu. Zilikuwa mbao za kadi nene zenye matundu, kila tundu na mwaka wake, mtu anajaza senti anazozipata kwenye chenji. Wazo lilikuwa la J. K. Post wa mji wa Neenah, Wisconsin. Whitman walikuwa wakimchapia, kisha wakainunua biashara yote. Kazi ya kuisimamia akapewa mfanyakazi wao aitwaye Richard Yeo, ambaye vitabuni alijiita R. S. Yeoman. Ukiwa na mbao zenye matundu, muda si mrefu wateja wataanza kuuliza tundu lipi ni gumu kujazwa na sarafu yake ina thamani gani. Majibu yakawa vitabu. Cha kwanza ni Blue Book, kilichobeba mwaka 1942, kinachoonyesha bei ambayo wauzaji huwalipa watu wanaowaletea sarafu. Red Book ikafuata na bei ambayo wauzaji hao hao hutoza wanapouza. Tofauti ya vitabu hivyo viwili ndiyo riziki ya muuzaji, na hadi leo wakusanyaji wengi hununua chekundu tu kisha wanashangaa mbona hawapewi bei iliyoandikwa.

Sasa hesabu wamiliki. Mwaka 1979 Western ilinunuliwa na Mattel, hao hao wa mwanasesere Barbie. Mwaka 1984 Mattel ikaiuza kwa kundi la mwekezaji Richard Bernstein. Mwaka 1996 ikapewa jina jipya, Golden Books Family Entertainment, na mwaka 1999 Golden Books ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Miaka hiyo ya mwisho ya karne ndipo idara ya sarafu ilipokatwa kutoka kwenye mwili huo mgonjwa na kwenda kwa St. Martin's Press ya New York. Mwaka 2003 ikahamia kwa familia ya Anderson, iliyokuwa tayari inamiliki H. E. Harris, jina kongwe la stempu, ikawa Whitman Publishing yenye makao Atlanta. Na miaka ya karibuni Whitman na CDN, wachapishaji wa orodha ya bei iitwayo Greysheet, wamewekwa chini ya paa moja liitwalo Whitman Brands.

Ukisoma mlolongo huo peke yake utafikiri kitabu kilikuwa kikirushwa kama mpira. Lakini tazama ni nani alikuwa akikiandika. Yeoman alikisimamia tangu mwanzo hadi alipostaafu mwaka 1970. Kisha akaja Kenneth Bressett, aliyekuwa ameajiriwa Whitman tangu 1959, akakishika kama mhariri hadi ndani ya karne hii. Aliondoka kwenye ajira ya kampuni, akaenda kufanya kazi katika chama cha wakusanyaji cha Marekani huko Colorado Springs, na bado uhariri wa Red Book ukabaki mikononi mwake. Wamiliki walipita, wa wanasesere, wa hisa, wa hadithi za watoto, wa riwaya, na meza ya uhariri ikabaki na mtu yule yule. Ndiyo maana kitabu hakikuyumba. Ukitaka kujua kama katalogi imeharibika baada ya kuuzwa, usiangalie nembo kwenye jalada. Angalia kama majina ya wahariri na ya wachangiaji wa bei, yale yanayopangwa kwa safu ndefu kwenye kurasa za mwanzo, bado yapo.

Fanya jambo hili leo. Chukua Red Book zako mbili, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule unaokuwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, utafute ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ikianza na 0-307, kitabu kilitoka wakati wa Western na Golden. Ikiwa na 0-7948, ni cha enzi ya familia ya Anderson na baada yake. Kama hakuna ISBN kabisa, kitabu ni cha zamani zaidi ya hapo, na una sababu ya kukitunza vizuri zaidi. Kwa vitabu vya Krause, 0-87341 ni ya enzi ya Iola, kijiji alikoanzia Krause, na 1-4402 ni ya enzi ya F+W, walioinunua kampuni yake, ambao nitawaeleza hivi punde. Tarakimu hizo ni kama alama ya kiwanda kwenye sarafu: ndogo, zimejificha, na husema ukweli pale jalada linaponyamaza.

Na usiishie kwenye ukurasa wa hakimiliki. Toleo la 1947 lilichapwa mara mbili, nakala 9,000 kila mara, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Unafungua ukurasa wa 135, chini kabisa, penye maelezo ya dola za fedha za kiwanda cha New Orleans. Nakala za kwanza zinazungumzia uhaba wa "tarehe hii". Za pili zinasema wazi, uhaba wa "1903 O", O ikiwa alama ya kiwanda hicho. Maneno hayo machache ndiyo yanayotenganisha bei za nakala hizo mnadani. Nayapenda kwa sababu nyingine pia. Dola hiyo ya 1903-O ilikuwa kweli adimu machoni pa kila mtu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Red Book iliiandikia dola 1,500 kwa sarafu ambayo haijatumika. Mwishoni mwa 1962 Hazina ya Marekani ikafungua magunia yaliyokuwa yamelala kwenye hifadhi zake, na ndani mkatoka dola za 1903-O kwa maelfu. Bei ikaanguka hadi sehemu ndogo sana ya ile iliyochapwa. Whitman wakati huo ilikuwa mahali pale pale, na mmiliki yule yule, na mhariri yule yule. Kwa hiyo muuzaji wako akisema bei za vitabu vya mjomba hazifai, yuko sahihi, ila hazikuharibiwa na mauzo ya kampuni. Zingekuwa hazifai hata kama Racine isingeuza hata kalamu.

Krause ni habari nyingine, na kwa kweli ya kusikitisha.

Chester Krause alikuwa fundi seremala na mjenzi katika kijiji cha Iola, Wisconsin. Mwaka 1952 alianzisha gazeti la Numismatic News kwa sababu wakusanyaji wa mashambani kama yeye hawakuwa na mahali pa kutangaziana sarafu. Miaka 20 baadaye, 1972, akiwa na Clifford Mishler, akatoa Standard Catalog of World Coins. Herufi KM utakazoziona mbele ya namba ni K ya Krause na M ya Mishler. Kitabu kilinenepa kila mwaka hadi kikagawanywa kwa karne, juzuu moja kwa miaka ya 1601 hadi 1700, nyingine 1701 hadi 1800, na kuendelea. Kwa miongo kadhaa, kila mnada na kila bahasha ya sarafu duniani ilizungumza lugha hiyo ya kijiji cha Iola.

Mwaka 2002 Krause ikauzwa kwa F+W, kampuni ya magazeti na vitabu vya watu wenye mambo ya kupitishia muda: ushonaji, uchoraji, uwindaji, magari ya zamani. Mwaka 2005 F+W yenyewe ikanunuliwa na wawekezaji wa ABRY. Sasa hapa ndipo pana tofauti na Red Book. Katalogi ya dunia nzima haiwezi kubebwa na mhariri mmoja hodari. Inahitaji chumba cha watu wanaofuatilia kila benki kuu inayotoa sarafu mpya, wanaopokea barua za wasahihishaji kutoka kila pembe, wanaolisha kanzidata siku baada ya siku. Kazi hiyo ni ghali na matunda yake hayaonekani kwenye hesabu za robo mwaka. Mmiliki mwenye deni akitafuta pa kubana, hapo ndipo jicho lake litatua. Ofisi za Iola zilifungwa, na Machi 2019 F+W ikaomba ulinzi wa ufilisi. Vitabu vikanunuliwa na Penguin Random House, magazeti yakaenda kwa wanunuzi wengine, na ule mfululizo wa matoleo mapya ya karatasi ambao tulizoea kuusubiri kila mwaka ukakoma.

Nitatia neno la pembeni, lisilo na faida yoyote ila linanifurahisha. Random House ndiyo iliyochukua vitabu vya Golden Books mwaka 2001, baada ya sarafu kuwa zimeshaondolewa humo. Na Penguin Random House ndiyo iliyochukua vitabu vya Krause mwaka 2019. Miti miwili mikubwa ya Wisconsin ilianguka kwa kupishana miaka 18, na kuni zikaishia kwenye uwanja ule ule.

Je, KM ilikufa? Hapana, na hili ndilo jibu la swali lako la pili. Fungua mwongozo wa bei za sarafu za dunia wa NGC, kampuni ya kupima hali ya sarafu, kwenye mtandao, utakuta sarafu zimepangwa kwa KM. Fungua Numista, katalogi ya mtandaoni inayojazwa na wakusanyaji wenyewe, utakuta ina namba yake inayoanza na N, lakini chini ya kila sarafu imeandika KM pia, maana bila hiyo watu wasingeelewana. Nyumba za minada hazijaacha kuitumia. Namba ikishaandikwa kwenye bahasha nyingi kiasi hicho haimtegemei tena aliyeitunga. Imekuwa kama jina la mtaa: aliyeupa jina anaweza kuhama, barua zitaendelea kufika.

Tena kitabu chako cha Krause kina ushahidi wa jambo hilo ndani yake. Tafuta kurasa za Urusi, China au Japani. Utaona baadhi ya sarafu hazina KM, zina Y. Hiyo Y ni ya Yeoman, yule yule wa Red Book, kutoka katalogi yake ya sarafu za kisasa za dunia ambayo Whitman walianza kuichapisha mwaka 1957. Pengine utaona C, ambayo ni ya William Craig, naye mtunzi wa Whitman, aliyeorodhesha sarafu za takriban 1750 hadi 1850. Yaani Krause walipojenga nyumba yao hawakubomoa ya mshindani. Walihamishia matofali yake ndani, pamoja na alama za mfyatuaji. Vitabu hivyo viwili vya Whitman havichapwi tena, lakini namba zake zimehifadhiwa katika kitabu cha mpinzani, ambacho nacho sasa hakichapwi, na kutoka hapo zimehamia mtandaoni.

Ili uone jinsi sarafu moja inavyoweza kubeba vitambulisho vya watu kadhaa, chukua thaler ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 ambayo imeendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Kwenye orodha ya mnada utaiona ikiandikwa KM T1 na pia Dav. 1151. Dav. ni John Davenport, mtu aliyejitwisha kazi ya kuorodhesha sarafu kubwa za fedha za ukubwa wa thaler. Muuzaji anaandika namba zote mbili kwa sababu mnunuzi mmoja ana rafu ya Krause na mwingine ana rafu ya Davenport, na hataki kumpoteza yeyote.

Kuna hatari moja tu ya kweli kwenye namba za matoleo ya zamani, nami iliwahi kuniuma. Niliagiza sarafu kwa posta, muuzaji akiwa ameieleza kwa namba ya KM na hali yake tu, bila picha. Ilipofika nikakuta si ile niliyoitaka. Yeye alikuwa anatumia toleo la miaka mingi nyuma, ambamo namba hiyo ilikuwa moja. Mimi nilikuwa na toleo jipya, ambamo wahariri walikuwa wameigawa kuwa nukta 1 na nukta 2 kwa sababu ya tofauti ya herufi chini ya picha, na nukta 2 ndiyo iliyokuwa adimu. Hakunidanganya. Kitabu chake hakikuwa na hiyo nukta. Tangu siku hiyo, nikitumia namba kutoka kitabu cha zamani naandika na mwaka wa toleo, nawe fanya vivyo hivyo kwenye bahasha za mjomba.

Umeuliza pia, ingawa kwa kupitia, ni nani "mwenye" vitu hivi. Wanaponunua kampuni ya katalogi, wanunuzi hulipia nini hasa? Jina la kitabu, bila shaka. Picha, maandishi, kanzidata. Na bei. Wengi hushangaa hapo, wanasema bei ni ukweli wa sokoni, nani anaweza kuumiliki? Mwaka 1999 swali hilo lilifika kwenye mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ya Marekani. Muuzaji mmoja wa sarafu alikuwa akichukua bei za jumla za CDN, anaziingiza kwenye programu ya kompyuta, na kutoa bei za rejareja alizoziweka mtandaoni. Mahakama ikasema bei za CDN hazikuokotwa tu. Wahariri walipima taarifa za mauzo, wakatupa zisizoaminika, wakatumia uamuzi wao kufikia tarakimu moja, na uamuzi huo ni utunzi unaolindwa na hakimiliki. Nakushauri uikumbuke hukumu hiyo kila unapofungua ukurasa wa bei. Unachosoma ni maoni ya mtu mwenye ujuzi, na maoni hubadilika mtu anapobadilika.

Ndiyo maana kwenye bei, na kwenye bei tu, mmiliki ni nani lina uzito. Whitman ya Racine iliuza mbao, albamu na vitabu. Haikuwa inauza sarafu zenyewe, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kutaka sarafu fulani ionekane ghali. Hali si hiyo kila mahali. CDN yenyewe, iliyoanza mwaka 1963 kama jarida la wauzaji, ilinunuliwa mwaka 2015 na kundi ambalo ndani yake walikuwemo watu wa biashara ya sarafu, ya minada na ya kupima madaraja ya hali ya sarafu. Sisemi kuna hila. Watu hao ndio wenye taarifa nyingi za mauzo halisi, na orodha isiyo na taarifa hizo haina maana. Nasema tu kwamba siku hizi bei ya jumla na bei ya rejareja za sarafu za Marekani zinatoka kwenye nyumba moja, na msomaji mwenye akili atazilinganisha na matokeo ya minada, ambayo sasa yanapatikana bure, kabla hajatoa fedha yake.

Kwa Seaby hali ilikuwa hivyo tangu kuzaliwa. B. A. Seaby lilikuwa duka la sarafu la London, lililofunguliwa 1926, na katalogi yake ya kwanza ya sarafu za Uingereza ya mwaka 1929 ilikuwa ya mwenye duka akiwaeleza wateja bidhaa. Baadaye ikawa kitabu cha marejeo kinachoheshimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina la Seaby likawa chini ya mchapishaji Batsford, kisha katalogi ikachukuliwa na Spink, nao ni wauzaji na wapiga minada wa London, ambao wenyewe walikuwa wamenunuliwa na Christie's mwaka 1993 na baadaye wakauzwa tena. Namba hazikubadilishwa kiholela. Orodha za minada ziliendelea kuandika S na tarakimu, na kwa bahati ambayo sidhani kama kuna aliyeipanga, S ilisimama kwa Seaby na ikaendelea kusimama kwa Spink bila mtu kuhitaji kufuta herufi. Kitabu chako cha zamani kitakupa namba ambayo muuzaji wa London ataielewa kesho asubuhi, isipokuwa pale wahariri wa baadaye walipoongeza herufi au kugawa aina.

Basi ni nini kinachoua katalogi kweli? Mfano ninaoukumbuka ni wa Wayte Raymond. Kabla ya Red Book, kitabu cha sarafu za Marekani kilikuwa chake, Standard Catalogue, alichokianza katikati ya miaka ya 1930. Kilikuwa kitabu kizuri, pengine kizito zaidi kitaaluma kuliko chekundu. Raymond alifariki mwaka 1956, toleo la mwisho likatoka 1957, kikaisha. Hakikuuzwa kwa mtu mbaya. Hakikuwa na mtu wa kukiendeleza mwaka uliofuata, na Whitman walikuwa tayari kwenye kila duka wakiwa na kitabu chepesi kinachotoka kila mwaka. Ukinipa nichague kati ya kampuni iliyouzwa mara tano huku wahariri wakibaki, na kampuni isiyouzwa kamwe inayomtegemea mzee mmoja asiye na msaidizi, ninajua fedha yangu ningeiweka wapi.

Sasa ununue nini. Kwa sarafu za Marekani, Red Book moja mpya inatosha, na si lazima uinunue kila mwaka. Kila miaka mitatu au minne ni sawa kwa mtu anayeanza. Kwa dunia nzima, usikimbilie kununua seti kamili ya Krause kwa bei ya juu eti kwa kuwa haichapwi tena. Nunua juzuu ya karne ambayo sarafu zako nyingi zimo, hata kama jalada limechanika, uitumie kutambua, na bei utafute kwenye minada. Numista utaihitaji kwa sarafu zilizotoka baada ya juzuu zako, lakini kumbuka inajazwa na watu wa kujitolea, hivyo mahali pengine ni bora kuliko Krause na pengine ni dhaifu. Kama kisandukuni mna sarafu za Kirumi, una bahati. Ule mfululizo mkubwa wa Roman Imperial Coinage, unaochapishwa na Spink tangu 1923 na ambao juzuu zake ni ghali, sehemu kubwa ya aina zake zimewekwa mtandaoni bure na shirika la American Numismatic Society kwa jina OCRE, kwa namba zile zile. Vitabu na orodha za minada za zamani sana utazikuta zimeskaniwa kwenye Newman Numismatic Portal, mradi wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis.

Na kuhusu huyo muuzaji: kabla hujarudi dukani kwake, kaa na vile vitabu vinne mezani, pamoja na bahasha za mjomba, uone ni kipi alichokuwa akikitumia. Mkusanyaji wa zamani huweka alama ya penseli pembeni mwa sarafu aliyonayo, na mara nyingi tarehe na kiasi alicholipa. Kama zimo, hiyo ndiyo orodha kamili ya kisanduku chako, na itakuonyesha kama kuna iliyokosekana. Usifute hata alama moja hadi umalize kuhesabu.